Vioo vya Kijani vya Mwalimu Kageha

Baba yake Kageha alikuwa kibarua wa mahindi kule Turbo, na Kageha ndiye aliyekuwa wa kwanza katika nyumba yao kupata kazi ya kuketi kwenye kiti. Alifundisha taipu mjini Eldoret, katika chuo kidogo cha ushirika wa wakulima. Ushirika uliponunua kompyuta zake za kwanza, alitumwa Nairobi kuzisomea. Aliporudi, majirani zake wa mtaa wa West Indies waliacha kumwita Mama Nani wakaanza kumwita Mwalimu, hata wale waliokuwa wakubwa kwake. Hakuwa ameolewa, na jina hilo jipya lilimtosha.

Zile kompyuta zilikuwa na vioo, yaani skrini, vyenye maandishi ya kijani kwenye giza. Baada ya miaka michache mashine zenyewe zilikufa, moja baada ya nyingine, lakini vioo vilibaki vizima. Kageha alivifunika kwa vitambaa akaviweka stoo. Hakuwa mtu wa kutupa kitu.

Mwaka wa themanini na tisa wafadhili kutoka ng'ambo waliahidi chuo kompyuta mpya, pamoja na vioo vyake vya rangi. Lori lilipofika, Kageha alifungua maboksi yote na wanafunzi wake wakitazama. Mashine zilikuwepo. Kioo hakikuwepo hata kimoja.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa ushirika. Mtu huyu alikuwa pia mkubwa wa chama wilayani, na wakati huo chama kilikuwa kimoja tu. Ukimkosea kwa mambo ya mahindi, umemkosea kwa siasa.

"Vimekwama bandarini," mwenyekiti alisema bila kuinua macho. "Na wageni wanakuja kufungua hiyo darasa mwezi ujao. Wewe si ndiye mwalimu wa kompyuta? Tafuta njia."

Kageha alikwenda kwa Gerishon, fundi wa televisheni aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Alikuwa mzee mpole, mkewe Wacera akiuza viazi hapo mlangoni pake. Gerishon alikigeuza kioo cha zamani, akatazama plagi yake, kisha akatazama tundu la mashine mpya.

"Mwalimu, hii ina pini tisa. Huko kuna mashimo kumi na tano. Hawa hawasalimiani."

Hata hivyo alijaribu. Alikata nyaya, akazilehemu upya pini kwa pini, wakachomeka. Kioo kilipiga mluzi mwembamba kama mbu, mistari ikakimbia huku na huku, halafu moshi ukatoka nyuma. Chumba chote kilinuka plastiki. Gerishon alikibeba kile kilichoungua mpaka kibandani kwake, aone kama kuna kitu cha kuokoa.

Kageha ndiye aliyeipata njia. Alikuwa akipiga pasi nyumbani alipojiuliza kwa nini wanakilazimisha kioo kujifunza lugha mpya, wakati mkalimani wake wa zamani bado yuko. Kila mashine iliyokufa ilikuwa na kadi yake ndani, ile iliyokuwa ikizungumza na kioo. Asubuhi alimfuata Gerishon, wakazitoa kadi zile, wakazifuta vumbi, wakazipachika kwenye mashine mpya mahali palipokuwa na nafasi. Kulikuwa na kiswichi kidogo ndani cha kuiambia mashine kwamba kioo si cha rangi. Kageha alikisogeza kwa ncha ya kalamu. Waliwasha. Herufi za kijani zikatokea, zimetulia, kali kama zilizochongwa.

"Ngai!" Gerishon alisema, akaketi sakafuni akicheka. Kageha aliandika jina la baba yake, halafu akatoka nje kidogo, maana machozi yalikuwa yakimjia.

Walihangaika na vilivyobaki. Kimoja kilikuwa hafifu, kingine picha yake ilikuwa ikibingirika, Gerishon akabadilisha vipuri alivyotoa kwenye televisheni mbovu. Siku ya wageni darasa lilikuwa tayari.

Mwenyekiti alihutubia kwa kirefu. Wanafunzi waliimba. Kisha mgeni mmoja, mama aliyeitwa Sarah, alipita kati ya meza na kusimama.

"Tulituma vioo vya rangi," alimwambia Kageha. "Viko wapi?"

Kageha alimtazama mwenyekiti, kisha akamtazama yule mama.

"Sijawahi kuviona," alisema. "Hivi ni vya zamani. Tulitafuta namna vifanye kazi na mashine zenu."

Alidhani jambo hilo lingezua maswali. Lakini Sarah aliinama, akabonyeza kitufe, akaona herufi zikitokea. Uso ukamchangamka.

"Na vinafanya kazi! Hii ni ajabu kabisa. Nyinyi watu ni wabunifu sana."

Akaita mpiga picha. Kageha akapigwa picha katikati ya mwenyekiti na Sarah, mkono wa mwenyekiti ukiwa umemkaa begani, mzito. Wageni walikwenda zao kula nyama. Hakuna aliyeuliza tena.

Juma lililofuata askari walikwenda kwa Gerishon. Walikuta kile kioo kilichoungua kimefunguliwa juu ya meza yake.

"Hii ni ya nani?"

"Ni ya chuo, afande. Iliungua nikijaribu kuunganisha."

"Kwa hivyo unakubali ni mali ya chuo."

Wakamchukua. Wacera alikimbia nyuma ya gari lao na sufuria ya viazi mkononi, akidhani watamruhusu ale kwanza.

Kageha aliitwa kituoni. Afisa aliyemhoji hakuwa mkali, na hilo ndilo lililomtisha.

"Vioo vya rangi vimeibiwa," alisema. "Mwenyekiti ameandikisha taarifa mwenyewe. Sasa niambie, nani mwingine Eldoret hii anajua kutumia vitu kama hivyo, kama si wewe na fundi wako?"

"Vya rangi havihitaji ufundi. Mtu yeyote anachomeka tu."

"Unaona? Unavijua vizuri."

Yeye aliachiliwa jioni hiyo. Gerishon alikaa rumande mpaka mvua zikaja zikaisha, kesi ikiahirishwa na kuahirishwa tena, hadi siku moja alipoambiwa aende nyumbani kwa sababu mashahidi hawakufika. Kibanda chake kilikuwa kimeshavunjwa, eti kinaharibu sura ya mji. Alishika chuma cha kulehemu mbele ya Kageha, kikamponyoka, akacheka kidogo kama anayemwomba msamaha.

Siku walipopakia vitu kurudi kwa watu wao Nyandarua, Kageha alikwenda kuwaaga. Wacera hakumpa mkono.

"Mwalimu," alisema, "sisi tulikuwa na televisheni zetu za kutengeneza. Ungetuachia tu hizo."

Mwaka haukuisha kabla Kageha hajasikia kwamba Gerishon amefariki.

Chuo nacho kilikuwa kimemfukuza Kageha, kwa kosa la kuwaaibisha viongozi mbele ya wageni. Vile vioo vya kijani viliendelea kufanya kazi kwa muda, kisha vikaanza kuzimika, na hapakuwa na wa kuvifungua. Wafadhili, baada ya kuiona ile picha, walituma shehena nyingine. Ilipokelewa na mwenyekiti.

Kageha alihamia Soy, akawa anauza mboga na mayai. Siku moja alirudi mjini kununua misumari ya banda la kuku, akaingia duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Duka lilikuwa la shemeji wa mwenyekiti. Juu ya kaunta kulikuwa na kioo cha rangi, kibandiko cha wafadhili hakijabanduliwa pembeni. Karani, mwanamke aliyeitwa Adero, alikuwa akikipigapiga kofi.

"Imekataa tangu asubuhi, na mdosi wangu atanichinja," alisema. "Mama, wewe huwezi kujua hii kitu?"

Plagi ilikuwa imelegea nyuma. Kageha alikuwa ameshaiona tangu mlangoni.

"Mimi najua kuku tu," alisema. "Nipimie misumari."