Nilimhukumu Mume Wangu kwa Geji ya Mafuta

Msinionee huruma, na wala msinitafutie mtu wa kugawana naye lawama. Kosa ni langu, nimelifanya kwa mdomo wangu mwenyewe, mchana kweupe, watu wakiwa mezani wanakula. Sikuwa nimelewa. Kuna dada mmoja kanisani alinifariji kuwa ni shetani tu alinipitia, nikamjibu shetani hajui hesabu kiasi kile.

Mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Kasulu. Si mwenyeji, ajira ilinileta kutoka Singida nikaolewa hukuhuku. Mume wangu ni afisa kilimo na kituo chake kiko Kibondo, kwa hiyo anaondoka Jumatatu asubuhi na kurudi Ijumaa jioni. Mama yake anaishi Murungu, hukohuko Kibondo, ana migomba yake na shamba la maharage. Mama huyu alivuka kutoka Burundi akiwa binti mdogo, mdogo wake mgongoni, na watoto wake wote amewazalia nchi hii. Mume wangu kazaliwa hapa, kasoma hapa, ana kitambulisho kama changu. Lishikeni hilo, maana ndipo nilipokwenda kuchimba shimo nikajitumbukiza.

Tulinunua gari la haibridi, lile linalotumia petroli na betri. Aliyetushawishi ni kaka yangu wa Dar es Salaam, ambaye analo kama hilo na analifanyia teksi. Kaka yangu mdomo wake hauna breki. Alisema gari hilo halinywi mafuta, linanusa tu. Akanitumia na picha ya kioo cha dashibodi: lita moja, kilomita ishirini na nne. Namba ile nikaishika kama amri ya Mungu.

Ijumaa moja mume wangu karudi, nikaingia kwenye gari kushusha vitu, nikatupa jicho kwenye kioo. Kumi na tatu! Wiki iliyofuata nikaenda kuangalia makusudi. Kumi na tatu tena! Nikamuuliza. Akasema barabara ya Kibondo ina vilima na gari linabeba mzigo. Nikamcheka. Kaka yangu anashinda kwenye foleni kutwa, gari linasimama na kuondoka, na bado anapata ishirini na nne. Wewe una lami tupu mbele yako, foleni hata ya mbuzi hakuna, upate kumi na tatu? Mafuta yanakwenda wapi?

Swali hilo nililijibu mwenyewe, bwana. Nikachukua lita anazotumia kwa wiki, nikazidisha kwa namba ya kaka, nikatoa umbali wa kwenda Kibondo na kurudi. Zikabaki kilomita nyingi zisizo na mwenyewe. Nikafungua ramani kwenye simu, nikaanza kutafuta mji unaolingana nazo. Nikaupata! Buhigwe, kwenda na kurudi, mara mbili kwa wiki. Hata sikujiuliza mtu wa Kibondo atafikaje Buhigwe bila kupita hapa Kasulu, karibu na geti la shule yangu.

Mtaniuliza, kwani gari halihesabu kilomita lilizotembea? Linahesabu! Zilikuwa pale pale kwenye dashibodi, na zilikuwa za Kibondo tu, hakuna hata moja iliyozidi. Lakini nilishawahi kusikia kuwa mafundi wanaweza kurudisha kilomita nyuma, kwa hiyo nikaamua hizo ni za uongo. Nikaamini mafuta, nikakataa kilomita. Mwanafunzi wangu angenifanyia kazi ya namna hiyo ningempa sifuri na kumwita mzazi wake.

Na yule mwanamke wa Buhigwe nikamuumba mwenyewe. Nikampa duka la vipodozi, nikampa mwanya, nikampa na rangi ya maji ya kunde. Nilikuwa nasahihisha madaftari huku namtukana kimoyomoyo. Mume wangu akiniletea ndizi nilikuwa najiuliza mwenzangu kaletewa nini.

Basi ikafika Jumapili moja. Mama mkwe alikuwa amekuja na mwanawe Ijumaa ile, na keria ya juu ya gari ilikuwa imejaa mikungu ya ndizi na gunia la maharage, vyote vyetu. Tuliwaalika wasimamizi wetu wa ndoa, mzee mmoja na mkewe, watu wa heshima zao. Nilipika ugali wa muhogo na samaki wa migebuka. Mama alikuwa akinisifia mboga, akiniita "mwana wanje", ndivyo alivyoniita tangu nilipoingia kwenye ukoo wao. Ni mwanangu, kwa Kiha.

Nilianza kwa mafumbo. Nikasema kuna magari siku hizi yana nyumba mbili. Mume wangu akaniambia taratibu kuwa tutaongea wageni wakiondoka. Hapo ndipo nikatoa karatasi yangu ya hesabu na kuiweka katikati ya sahani. Lita, kilomita, Buhigwe, vyote nimevipigia mstari kwa wino mwekundu. Akaisoma mpaka mwisho.

"Hesabu hizi mimi sizijui," akasema. "Ninachojua nikitoka kazini nakuja nyumbani."

"Nyumbani wapi?" nikamjibu. "Mtu asiye na kwao, utajuaje anakolala?"

Mama yake alikuwa amekaa hapo! Hata tonge alilolishika alikuwa hajalimeza! Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi siku ile nilijikwaa nikaanguka mzima mzima. Mke wa msimamizi akaniambia kwa sauti ya chini niliondoe neno lile. Nilikuwa na nafasi. Ningeweza kupiga magoti palepale na labda leo nisingekuwa naandika upuuzi huu. Badala yake nikakunja mikono na kusema nimesema ukweli, anayeumia aumie.

Mama akanawa. Akamshukuru Mungu kwa chakula, akakusanya kitenge chake, akasema anataka kwenda stendi. Mwanawe akachukua ufunguo ampeleke mpaka Murungu, akakataa. Alisema hawezi kupanda gari linalovunja nyumba, basi litamfikisha. Mlangoni akanigeukia.

"Asante kwa chakula, Mwalimu."

Jumatatu mume wangu naye akapanda basi. Ufunguo wa gari akauacha juu ya karatasi yangu. Mnadhani nilijuta? Wapi! Nilifurahi, nikaona sasa nimepata ushahidi mikononi. Nikalipeleka gari kwa fundi mmoja hapa mjini, mtu mzima anayeyajua magari ya betri, nikamwambia anioneshe kilomita zilizofichwa. Nilitaka karatasi ya fundi niipeleke mpaka kwa mchungaji.

Fundi yule akaanza na matairi. Upepo ulikuwa mdogo kwenye yote manne. Akagonga keria, akasema hiyo hata ikiwa tupu inapigana na upepo njia nzima, sembuse ikiwa na mikungu. Akafungua pembeni mwa kiti cha nyuma, kwenye tundu linaloingiza hewa ya kupoza betri. Limeziba kwa vumbi jekundu na makapi ya maharage, betri inachemka, haisaidii kitu. Kisha tukatoka na gari mpaka Makere na kurudi, yeye akiendesha mimi nikiwa kando yake nimenuna.

Nikamtajia namba ya kaka yangu. Akaniuliza kaka anaendesha wapi, nikasema mjini Dar. Akatikisa kichwa. Akasema huko ndiko gari hili lilikozaliwa kufanya kazi. Kwenye foleni linatembea kwa betri, na kila likishika breki linajichaji. Kwenye barabara ndefu hakuna breki ya kulichaji, injini ndiyo inayovuta muda wote. Hapo ukikimbia, mafuta yanakwenda. Ukishusha vioo upepo unalirudisha nyuma, ukivipandisha kiyoyozi nacho kinataka chakula chake. Ukiweka mzigo kwenye vilima vyetu ndiyo usiseme. Kumi na tatu kwa mwendo huo wala si ajabu.

Nilikuwa bado nabisha! Nikamwambia huenda kuna safari zimefutwa. Ndipo akabonyeza kile kioo, kumbe kinaweka kumbukumbu ya kila safari. Jumatatu, kumi na saba. Ijumaa, kumi. Jumatatu, kumi na saba. Ijumaa, kumi. Wiki baada ya wiki, na umbali ni uleule, wa Kibondo.

"Akienda anakwenda taratibu," fundi akasema. "Akirudi ndo anakanyaga kwelikweli. Huyu Ijumaa huwa anawahi nini?"

Ijumaa anatoka kazini saa tisa na nusu, anapita Murungu kupakia, na jua halijazama amefika, watoto wetu wanamkimbilia getini. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni namwambia umewahi leo. Mafuta yale yote niliyokuwa nayatafuta Buhigwe alikuwa anayachoma akija kwangu. Nililia humo garini tukiwa wawili tu, na fundi akajifanya anaangalia barabara.

Nilikwenda Murungu kwa basi. Nikapiga magoti uani kwa mama, watu wakipita. Akaniinua, akanipa uji, akaniambia amenisamehe, na ninaamini kweli kanisamehe, maana yule mama hana moyo mchafu kama wangu. Lakini akaongeza neno moja. "Miaka yote hii nilidhani nimeshafika kwetu, Mwalimu. Ni wewe umenikumbusha."

Mume wangu hakuniacha. Hakunipiga, hakunitukana, hata sauti hakupandisha, na kwa kweli ningetamani angepandisha. Aliporudi alichukua spana akaifungua keria mwenyewe, maana mama hatumi tena ndizi wala maharage. Matairi akayajaza upepo. Siku hizi Ijumaa analala kwa mama yake, anakuja Jumamosi mchana, gari tupu, mwendo wa harusi. Wiki iliyopita nilichungulia kioo. Ishirini na mbili! Kaka yangu nilipomtajia akashangilia kwenye simu kuwa si alinambia, nikamkatia. Mpaka leo sijampigia.

Jumamosi hiyohiyo nilijikaza nikamuuliza mume wangu mbona siku hizi anachelewa. Alikuwa anavua viatu. Akaniangalia bila hasira yoyote.

"Kwani kuna nini cha kuwahi?"

Nyie mnaochungulia dashibodi za wenzenu, mnaonusa mashati na kuhesabu dakika, sina ushauri wa kisomi wa kuwapa. Kama una swali, muulize mkiwa wawili, na akikujibu msikilize. Ukibaki na hasira, tukana gari, tukana barabara, tukana hata serikali, lakini kwao mtu usikuguse. Na Ijumaa akiingia getini mapema, gari linanuka moto na geji iko chini kabisa, mpokee mzigo, mpe maji ya kunywa, ufunge mdomo wako.