Atlasi ya Rangi ya Mawese

Juzi nilikwenda Ujiji kuangalia nyumba yangu moja, mpangaji kalalamika bati linavuja. Kwenye bati sikufika. Kibarazani nilikuta wasichana wamejaza mkeka vitambaa, chupa ya gundi katikati, wanabandika utepe wa kumetameta kwenye shingo ya kanzu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mnabandika nini?"

"Tunashona mavazi ya mabibi wa zamani. Tuna tamasha chuoni."

"Kushona ni sindano. Hiyo ni kazi ya fundi viatu."

Wakacheka. Mmoja, mwenye ulimi kama wangu nilipokuwa na umri wake, akasema, "Bibi, nani atakaa akague mshono? Watu wataangalia kwa mbali, watapiga picha, wataondoka zao."

Nikakaa. Si kwamba alinishinda maneno, wa kunishinda maneno hajazaliwa. Nilikaa kwa sababu ya zile nguo. Kanzu ile ya mikono mipana, suruali ya marinda ya kuvalia chini yake, ukaya wa kujitanda kichwani, hayo ndiyo mavazi yaliyonilisha nikiwa mtoto. Na hayo hayo yalimpotezea mama yangu rafiki yake wa pekee.

Acha nikueleze kama vile tumekaa pamoja tunachambua dagaa. Mimi si msomi. Shule niliiacha darasa la nne, nikauza mawese, nikauza migebuka, nikafuata samaki mpaka Kagunga, nikajenga nyumba kwa mikono hii. Kwa hiyo usitafute hapa maneno ya kitabuni. Utapata yaliyotokea.

Ujiji ya utoto wangu ilikuwa na vyama viwili vya ngoma vya akina mama. Kimoja tulikiita chama cha Juu, cha wale wa upande wa sokoni. Kingine chama cha Chini, cha wale wa njia ya kuteremkia ziwani. Kila Idi pili vilitoka kucheza, na sharti lilikuwa kwamba wote wavae kama walivyovaa mabibi wa enzi za misafara, pembe na chumvi zilipokuwa zikipita mji huu kwa mabega ya watu. Mkato wa nguo ulikuwa mmoja kwa wote, hapo huna la kubuni. Mashindano yalikuwa kwenye kitambaa na mapambo. Chama kikitoka na kitambaa ambacho mji haujakiona, kimeshinda, hata kama wachezaji wake wanacheza kama bata.

Ndiyo maana kitambaa kilikuwa siri. Na siri za pande zote mbili zilikaa nyumbani kwetu, maana mama peke yake ndiye aliyeujua ule mkato. Alikuwa na kanzu ya bibi yake, mzee aliyevuka kutoka ng'ambo ya Kongo. Mama hakukata kwa karatasi. Aliitandaza kanzu ile kuukuu juu ya kitambaa kipya, akaibana kwa vijiwe vya ziwani, akapitisha mkasi kuifuata. Mteja akiwa mnene kuliko marehemu bibi, mama alizidisha kwa vidole: huyu vidole viwili, huyu kiganja. Hakuwa anakosea.

Kazi yangu ilikuwa kuzungusha mkono wa cherehani, kutunga uzi, na kupuliza pasi ya mkaa mpaka macho yawashe. Tulishonea chumba cha ndani, mchana, mlango umefungwa, joto la kuivisha ndizi. Harufu ya mafuta ya cherehani na kitambaa kipya naisikia mpaka leo. Nje nilisikia watoto wenzangu wanaruka kamba na kuniita, nami siruhusiwi hata kuitika.

Kulikuwa na desturi ya kupokea kitambaa. Kiongozi wa chama alikuja na jora limeviringishwa ndani ya jamvi, utadhani anatoka msibani, na nyuma yake mtu kabeba sinia. Kabla jamvi halijafunguliwa, kiongozi alimega tonge la ugali wa muhogo, akalichovya kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo iliyoungwa kwa mawese, akamlisha mama kwa mkono wake mwenyewe. Mdomo uliokula tonge lile haukisemi kitambaa, si kwa mume, si kwa jirani. Mama alizoea kuniambia, "Siri ya mtu si mali yako. Umewekewa tu."

Sasa, kiongozi wa chama cha Chini alikuwa ndiye jirani yetu. Kati ya ua wake na wetu palikuwa na uzio wa matete, umelegea kwa kupitishiana vitu: kinu, chumvi, kaa la moto, watoto. Mama alipougua homa baada ya kunizaa, huyu jirani ndiye aliyeninyonyesha pamoja na binti yake. Asubuhi walikuwa wanaamshana kwa matusi ya kupendana.

"Yewe, mchawi, umeamka?"

"Nimeamka, nakuchungulia mvi."

"Zako umezificha chini ya kilemba!"

Na kicheko cha jirani kilikuwa kinafukuza kuku.

Mwaka ninaousema, jirani ndiye aliyetangulia kuleta jora. Akamlisha mama tonge, akafungua jamvi. Mungu wangu. Atlasi, kitambaa laini kama hariri, rangi ya mawese mabichi yakiwa bado sufuriani, ukiisogeza inameta na kunong'ona. Jirani alikuwa anaipapasa kama mtoto mchanga. Alituambia muuza vitambaa amemwapia kwamba jora hilo ni moja tu Kigoma nzima, limeshuka na treni, halitaletwa jingine.

Siku chache baadaye, jirani akiwa kaenda sokoni, akaja kiongozi wa Juu, mama mzito mwenye kupumua kwa mdomo, jamvi lake begani kwa msichana wa chama. Tonge likatoka, likaingia kinywani mwa mama. Jamvi likafunguliwa. Atlasi. Rangi ya mawese.

Mama alikuwa bado anatafuna.

Nilimwona akisimamisha taya, kisha akameza. "Kitambaa kizuri," akasema. Yule mama akaanza kutuhadithia jinsi muuza vitambaa alivyomwapia kwamba ni jora moja tu Kigoma nzima.

Alipoondoka mama aliniuliza, "Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"Vizuri."

Akalikunja lile jamvi, akalisukuma uvunguni.

Alijaribu. Nataka ujue kwamba alijaribu. Jioni ile alikwenda kwenye uzio akamwambia jirani, "Mwenzangu, ile atlasi nimeiangalia vizuri. Jasho likiipata itachuja. Kwa nini usiirudishe mtafute nyingine?"

Jirani akaangua kicheko chake. "Husuda hiyo! Unaitamani mwenyewe. Ukimaliza nitakupa vipande ujishonee kitambaa cha kichwa."

Mama akacheka naye. Zaidi ya hapo hakuweza kwenda bila kulitapika tonge la Juu.

Basi akakimbilia kwenye mapambo. Nguo za Chini alizitia lesi nyeupe nyembamba, mistari mistari, kuanzia kifuani mpaka pindo la chini, na marinda madogo yaliyobanana kama mapezi ya samaki. Za Juu akazitia utepe mpana wa kijani, na almaria ya uzi wa dhahabu shingoni, aliyoidarizi kwa mkono, na marinda mapana ya kumwagika. Lesi ilipopungua aliufumua ukaya wake wa arusi, akatoa lesi yake akaitia kwenye nguo za Chini. Shingo moja aliifumua na kuishona tena mpaka kitambaa kikaanza kulia kwa kuchoka. Alipofunga uzi wa mwisho, alizitundika nguo mbili, moja ya huku na moja ya kule, akarudi nyuma mpaka ukutani kuzitazama.

"Zinafanana?" akaniuliza.

"Hazifanani, mama."

Nilisema kweli yangu. Nilikuwa nimeinama juu ya mishono ile kutwa nzima, kwangu mimi zilikuwa mbali kama Juu na Chini. Niliamini lesi itatuokoa.

Idi pili Chini walitangulia uwanjani. Vigelegele vilivyopigwa siku ile sijavisikia tena. Jirani alikuwa mbele, ukaya umemdondokea mabegani, anatembea kama mwenye mji. Ndipo ngoma ya Juu ikasikika kwenye kona, nao wakatokea. Vigelegele vikakatika. Lesi? Utepe? Kwa mbali ilikuwa rangi moja tu, utadhani mtu kamwaga dumu la mawese njiani. Mhuni mmoja akapiga kelele, "Leo arusi ya mapacha!" na uwanja mzima ukacheka. Ngoma zikanyamaza, ya huku na ya kule.

Jirani hakuwatazama Juu. Alikuwa anamtafuta mama. Akaja mpaka tulipokuwa tumesimama.

"Ulijua?"

Mama akanivuta karibu yake.

"Nakuuliza wewe. Ulijua?"

"Nilijua."

"Kila siku nimekuja kwako kuomba chumvi. Ukanipa chumvi."

"Nilikupa."

"Ukaninyamazia."

"Nilikula tonge lako," mama akasema. "Na lao nilikula."

Jirani akajipiga kifuani, pale penye mistari ya lesi ya arusi ya mama. "Na mwanao alikula hapa! Hili nalo halikuwa tonge?"

Mama aliitazama ile lesi. Mimi nilikuwa nimeushika mkono wake, ulikuwa baridi kama samaki.

Muuza vitambaa, aliyewaapia wote wawili, hakuguswa na mtu. Nimefanya biashara miaka mingi, sishangai. Mwenye duka hasemwi, kesho utarudi kununua. Anayesemwa ni yule anayekupenda.

Baada ya sikukuu jirani aliubomoa uzio wa matete akapandisha ukuta wa matofali. Mimi na binti yake, tulionyonya pamoja, tukawa tunapishana kisimani kama watu wa miji mbalimbali. Kiongozi wa Juu naye alipeleka maneno kwamba mama kawauza kwa rafiki yake. Mwaka uliofuata hakuna jamvi lililoletwa kwetu. Mama akashona sare za shule na mashati, pindo na vifungo basi. Almaria hakuidarizi tena. Vyama vilijikokota kidogo na nguo za kuazima, kisha vikafa.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza kwa nini hakumwambia shoga yake, neno moja tu, pale kwenye uzio. Alikuwa anatoa mawe kwenye mchele, hakuinua kichwa.

"Ningemwambia, angefurahi. Halafu kila akiniletea siri yake angejiuliza naipeleka wapi."

"Lakini hakukuletea tena siri yoyote, mama."

"Najua," akasema.

Leo mimi ni mzee kuliko alivyokuwa yeye siku ile, na bado sijaamua. Asubuhi nasema mama alikuwa sahihi. Jioni, nikiwa nimekaa peke yangu na nyumba zangu, nasema alikuwa mjinga, urafiki wa namna ile hauuzwi kwa tonge la ugali. Kanzu ya bibi yake ililiwa na nondo sandukuni nikiwa nahangaika na samaki. Mkato ukaenda nayo. Mimi nilizungusha mkono wa cherehani utoto wangu wote, nikadhani kutazama ni kujua. Wale wasichana wa gundi waliniuliza marinda yanakunjwaje yakasimama vile, nikabaki nimeshika kitambaa kama mgeni. Nimejenga, nimesomesha, nina heshima zangu mpaka mitaa ya Buzebazeba, lakini rinda moja silijui.

Mama alifariki kiangazi. Wanawake walikuwa chumba cha ndani wakimkatia sanda, mlango ukafunguliwa akaingia jirani, kashikwa mkono na binti yake. Miaka yote ile ukuta ulikuwa umesimama. Hakusalimia mtu. Aliketi sakafuni, akashika ncha ya bafta akaivuta ikanyooka ili mkasi upite vizuri.

Sanda unaijua. Haichaguliwi rangi, haina pindo, haina lesi, na mkato wake haufichwi. Mkasi ukapita, hatua kwa hatua, mikono ya jirani ikisogea mbele yake. Ulipofika mwisho alikiachia kitambaa, akakilaza taratibu kwa kiganja.

"Hiki hata mimi nitakivaa," akasema.

Alikaa nasi matanga mpaka yakaanuliwa, akipika, akilia, na mimi nilimhudumia kwa adabu zote, ila moyoni nilikuwa nasema: umechelewa, mama, umechelewa.

Mvua zilipoanza, binti yake alinitumia mtu Kigoma mjini na habari ya msiba wa mama yake. Nilikwenda na mkasi wetu. Nikamkatia mimi.