Kanda Nilizotundika Mpungani

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msinitafutie udhuru. Nilifanya kwa mikono yangu, akili zikiwa timamu.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru na wanunuzi binafsi wa kahawa wakaingia Mbinga, ghala moja la ushirika lilibaki tupu. Vijana fulani wakaligeuza pa kupigia makelele, kwa kujificha, maana wazee waliwaita wehu. Hawakuwa na gitaa wala hawakuimba. Walizungusha mashine ya kumenyea kahawa isiyo na kahawa ndani, walikwaruza mabati, redio wakaiacha katikati ya stesheni ikikoroma. Binti yangu wa mwisho aliwafuata na redio kaseti, akiwarekodi. Kwenye daftari aliandika nani kapiga nini na mvua ilinyesha vipi juu ya bati.

"Nimekusomesha uandike kelele?"

"Mama, wasipoandikwa watu watasema hawakuwepo."

"Na heri wasingekuwepo."

Akaniachia sanduku la kanda hapa Mbaha, kando ya ziwa, akaenda Songea kufanya kazi. Mpunga ukachanua, ndege wakashuka. Wenzangu walitundika utepe wa kanda mbovu. Upepo wa ziwa ukiupiga unavuma, ndege wanakimbia. Mimi kanda mbovu sikuwa nazo. Nikafungua za mwanangu, nikavuta utepe, nikaufunga kijiti kwa kijiti shamba zima.

Shemeji yangu akapita. "Leo makelele yamepata kazi!"

Nikacheka naye. Hicho kicheko changu ndicho kinaniuma mpaka leo.

Siku chache baadaye akaja mama mmoja kutoka Mpepai, kwa lori, kisha kwa miguu. Mwanawe ndiye alikuwa anazungusha ile mashine. Malaria ilikuwa imemchukua, na picha hakuacha.

"Dada, nimeambiwa kanda ziko kwako. Kuna mahali anacheka kabla hawajaanza. Nataka pale tu."

Nilimpeleka shambani. Akasimama kwenye mpunga, utepe unavuma juu yake.

"Ni upi?" akauliza.

Sikujua.

Binti yangu aliporudi hakunigombeza. Alifungua daftari, na mbele ya kila kanda akaandika: shambani kwa mama. Bora angenitukana.

Nikawaita wote wa nyumbani.

"Mpunga waachieni ndege. Kila mtu ashike utepe, aukunje taratibu, usikatike. Tutaurudisha kandani tusikilize; tukipata kicheko cha yule kijana, kipelekwe Mpepai siku hiyo hiyo."