Alinyamaza Kikaoni

Mkuu wa ofisi ya usajili alipostaafu, chuo kizima kilijua kiti kile ni cha Mzee Mihuri, karani aliyekaa pale hadi watu wakasahau jina lake. Mkewe alishaanza kumwita "bosi" kwa utani. Ghafla uongozi ukaja na jambo jipya: asiteuliwe mkuu, makarani wanne waongoze kwa zamu na kuamua mambo pamoja.

Mzee Mihuri alipiga makofi na wenzake, roho ikimuuma.

Wa kwanza kuleta wazo alikuwa karani mdogo kuliko wote, waliyempachika jina la Cherehani kwa kuongea bila kituo.

"Jamani, tunawazungusha wanafunzi dirisha hadi dirisha kama tiara," alisema. "Tuhamie ukumbi wa juu, meza zote pamoja. Mtu anaingia, anamaliza, anakwenda zake. Mzee wetu, unasemaje?"

Mzee Mihuri alijua lifti ya jengo lile hugoma watu wakizidi. Neno lilimfika ulimini, akalimeza. Si wameambiwa waongoze? Waongoze basi.

"Mimi sina neno," akajibu.

Siku ya usajili kazi ilikwenda kama maji, Cherehani meno yote nje. Kabla ya adhuhuri lifti ikagoma. Muda si muda kikasikika kishindo ngazini. Binti wa mwaka wa kwanza, anayetembea kwa magongo, alikuwa ameanguka na kuvunjika mkono. Sasa hata magongo yenyewe asingeweza kuyashika.

Mzee Mihuri ndiye aliyembeba hadi kwenye gari.

"Asante, baba," binti alisema huku akiugulia. "Mungu akubariki."

Afadhali angemtukana.

Aliporudi alimkuta Cherehani amejiinamia. "Wazo lilikuwa langu, mzee. Naacha kazi."

"Acha maneno hayo, mwanangu," alisema. Jioni chakula hakikushuka; mkewe alipouliza, akasingizia kichwa.

Kesho yake kikaoni alisimama. "Habari za lifti ile nilizijua. Niliwanyamazia kwa sababu ya kiti."

Hakuna aliyemkaripia. Cherehani akauliza, "Hata neno moja, mzee?"

Mzee Mihuri akaketi.

Mpango hawakuutupa. Waliuhamishia chumba cha chini, kila mmoja akauongezea lake, ukanyooka hata vyuo vingine vikaja kujifunza. Cherehani hakuacha kazi. Mzee Mihuri naye alikwenda hospitali, akamweleza binti yote bila kuficha. Binti alisikiliza, akageukia ukutani.

Muhula uliofuata binti aliingia kujisajili, mkono umepona. Meza ya Mzee Mihuri ilikuwa haina foleni. Binti akaipita, akaenda kusimama nyuma ya wenzake kwenye meza ya jirani. Mzee aliinamisha kichwa, akajifanya anapanga karatasi.