Tone Moja la Maji

Dada yangu watu wanamwita Hebunione, na jina hilo hakupewa na mama yetu, alipewa na wateja. Ukimpa noti, "Hebu nione," anaiinua kwenye mwanga. Ukimwambia umeshapiga pasi, "Hebu nione." Mimi mdogo wake nashona naye chumba kimoja tangu mumewe afariki, na mpaka leo nikikunja pindo analivuta kwa kucha aone kama litafumuka. Jamani, inachosha! Lakini nusu ya sare za shule za mtaa huu zinatoka kwetu, na jengo lenyewe, vyumba viwili na baraza, amelisimamisha kwa cherehani. Ufunguo wa pili wa jengo hilo alikuwa nao mwanawe wa pekee. Mimi ninayeshinda humo kutwa nzima sikuwa nao.

Huyo mwanawe ni mtafiti wa chuo kikuu. Anapaka vitambaa chembe ndogo ajabu, wenyewe wanaita nano, ndogo hata ukitoa macho namna gani huzioni. Kitambaa kikishapakwa hakishiki maji wala uchafu. Alipotuletea kipande cha kwanza alikidondoshea tone moja la maji. Likaviringika, likaanguka sakafuni, kitambaa kikavu vilevile. Dada akapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia.

Siku moja kijana akaja na mwekezaji. Viatu vinang'aa, sauti laini, mimi ananiita mama mdogo utafikiri nilimbeba mgongoni. Kiwanda kitafunguliwa! Sare za wauguzi, mahema, miavuli! Mitambo ataleta yeye, sisi tuweke jengo tu, hati iandikwe jina la kampuni. Jengo tu, alisema hivyo, kama mtu anayeomba chumvi.

"Na utajuaje kama kitambaa kinafanya kazi?" dada akamuuliza.

"Nitawapelekea mafundi wangu kipande wakipime, mama."

"Nitakukatia mwenyewe."

Akaingia chumba cha ndani, akatoka na bahasha aliyoishona mdomo kwa uzi. Mwekezaji akaipokea kwa mikono miwili. Walipoondoka nikamwambia, "Dada, nakujua. Umemfanyia nini mtoto wa watu?"

"Simwamini," akasema. "Shona."

Wiki iliyofuata wakarudi wote wawili. Mwekezaji hakukaa hata kwenye kiti. "Hongera, mama! Mafundi wamekifua mara ishirini kwa sabuni kali, na maji bado yanateleza. Tuweke saini leo leo!" Kijana wetu alikuwa kwenye stuli, anakagua vidole vyake.

Dada akaweka mkasi chini. "Mara ishirini?"

"Mara ishirini, mama yangu."

"Baba, kile nilichokupa hakijawahi kupakwa kitu. Ni kitambaa cha kawaida, nilikata kwenye jora pale. Kingelinywa hata tone la kwanza."

Loo! Nilianza kucheka, nikaacha, kwa sababu yule bwana hakumtazama dada. Alimgeukia kijana wetu. "Si wewe uliyesema tusipoteze muda kukipima? Si ulisema nimwambie hivi hivi, atakubali?" Akabeba mkoba wake akatoka, hata kwaheri hakuna.

Kijana akainuka kwenye stuli. "Kinafanya kazi, mama. Kikiwa kipya. Kikifuliwa mara mbili tatu, zile chembe zinatoka na maji. Nilijua nikipata mitambo nitarekebisha. Miaka yote hii, ningekuambia nini?"

"Ungemlaza mama yako nje!" nikamfokea. "Nje, wewe, kwa ajili ya kitambaa!"

Dada hakufoka, na heri angefoka. "Kila mtu nimemkagua," akasema polepole. "Hata huyu mdogo wangu, tumbo moja. Wewe tu ndiye niliyekuamini kwa tone moja la maji."

Akaenda nyuma, akarudi na beseni, sabuni, na kile kipande cha kwanza kilichopakwa, alichokuwa amekificha. Akaviweka miguuni pa mwanawe.

"Haya. Hebu nione."

Alikuwa hajawahi kumwambia hivyo. Kijana akapiga magoti, akafua. Mara ya kwanza tone likaviringika. Ya pili likajivuta kivivu. Ya tatu likatulia palepale, likatanuka, likazama. Dada akapapasa upande wa chini kwa kidole, akakuta majimaji.

Akakikamua kile kipande, akakitandaza juu ya mgongo wa kiti. "Utatengeneza kingine," akasema. "Kikiwa tayari utakifulia hapa, mbele yangu, na kikishindikana utaniambia kimeshindikana."

"Ndiyo, mama."

Kisha akamnyooshea mkono. "Na ufunguo wangu nipe. Ukija, utabisha hodi kama wateja wengine."