Shangazi kaifukiza mifuko ya harusi

Nyumba yangu leo yanukia udi na plastiki iliyoungua.

Mimi hutengeneza mifuko ya zawadi hapa Ndia Kuu, ile laini. Kwa macho ni kitambaa, lakini ni plastiki tupu. Haina uzi hata mmoja, mashini huibandika kwa moto.

Hilo la moto nilimwambia shangazi jana, tena kwa majisifu.

Leo nimetoka kidogo kwenda Marikiti. Huku nyuma, yeye akaona ni aibu mifuko ya harusi kutoka kwetu bila harufu. Akawasha chetezo cha udi, akaufunika mfuko mmoja juu yake kama kanzu ya Ijumaa.

Narudi, mfuko umejikunja kama krispi za muhogo.

"Si ulisema imezoea moto?"

Mara hodi! Mamake bibi harusi, kaja kuangalia kazi.

Shangazi akauficha mfuko ndani ya buibui. Mgeni akavuta pumzi, akafumba macho.

"Mashallah! Yote iwe yanukia hivi hivi, mwanangu."

Kabla sijafungua mdomo, shangazi kajibu: "Inshallah."

Jamani, sasa hivi anapepea makaa.

Aliye karibu aje anishikie huyu shangazi!