Jina Lililokuja Mara Mbili

Mwaka huu kifua kilinibana wiki nzima kabla ya hitima ya marehemu mume wangu, nikawa kila nikisema neno nakohoa mara tatu. Watoto wakashauriana bila mimi, wakaamua kuwa safari hii majina ya wafu wetu yaandikwe, yasomwe kwenye karatasi.

Majina hayo huyasema mimi, tangu mavyaa wangu, mama wa mume wangu, alipofariki. Wanawake wakimaliza kusoma juzuu zao, mimi huwataja mmoja mmoja wale ambao thawabu inapelekwa kwao, na anayeomba dua hunipokea. Mimi sisomi ila Kurani na tarakimu, lakini sijawahi kuandikiwa. Bi Mkubwa hasahau mtu, ndivyo wasemavyo mtaani.

Basi nikangoja mjukuu wangu aje aniulize mimi. Hakuja. Alikwenda kwa Bi Mdogo.

Bi Mdogo ni mke mwenzangu. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na kichochoro, na juu zimeunganishwa na wikio, kile chumba cha kuvukia alichokijenga mume wetu ili aende kwake bila kushuka ngazi. Miaka mingi nililala nikisikiliza nyayo zake zikivuka. Siku ile nikasikia za mjukuu wangu zikivuka vilevile, kisha kicheko cha Bi Mdogo, kisha vikombe. Wivu ukanikaba kuliko kikohozi.

Baada ya alasiri akarudi na simu yake na kompyuta, akaketi mkekani kwangu.

"Bibi, nisaidie. Tundu la chaji limeliwa na chumvi, waya haushiki. Itabidi majina yatoke kwenye simu yaingie kompyuta kwa blututhi, yapite hewani."

"Mwambie huyo uliyekwenda kwake akusaidie."

"Bibi nawe! Nilikukuta umelala."

"Nilikuwa nimefumba mato tu."

Akacheka. Kompyuta ikatafuta simu zilizo karibu, naye akanisomea ilizozipata: yake, ya jirani wa chini, ya Bi Mdogo.

"Hata chumbani mwangu yumo?"

"Yuko kwake, Bibi. Hii husikia mpaka ng'ambo ya wikio."

Kisha tarakimu sita zikatokea kwenye simu na kwenye kompyuta. Nikamsomea za simu, akazitazama zake, na zilipolingana akaniambia nibonyeze kukubali. Nikakumbuka siku ya ndoa yangu, walii wangu alivyoniuliza kama nimeridhika. Alipoolewa Bi Mdogo, mimi sikuulizwa na mtu.

Majina yakaanza kuja, mstari mmoja mmoja, kama watu wanaopishana kichochoroni. Alikuwa ameyaandika upesi, majina matupu bila ubini. Kazi yangu ilikuwa kuishika simu na kuipapasa kwa kidole isilale, kwa kuwa ikilala kompyuta haiisikii tena. Yeye alisoma kwa sauti, nami nisikilize kama kuna aliyeachwa.

Niliomba awepo. Mmoja tu, nimwambie mjukuu wangu: unaona uliyemwendea? Lakini Bi Mdogo hakumsahau mtu. Binti yangu aliyeishi siku tisa alimtaja kabla ya wazazi wake mwenyewe. Hilo nalo liliniudhi.

"Bibi, jina la baba yake babu limekuja mara mbili. Simu imerudia. Nilifute moja?"

Kidole changu kikasimama.

Simu haikurudia. Mume wangu aliniahidi kuwa mwanangu wa kwanza wa kiume ataitwa jina la baba yake. Mimi nikazaa wasichana, Bi Mdogo akaja akazaa mvulana, na jina akapewa yeye. Mtoto yule hakufika hata kutambaa. Na tangu kazi ya majina iwe yangu, sikumtaja. Nililisema jina lile mara moja tu, kwa niaba ya babu mtu, na waliosikiliza wakadhani nimekwisha kuwataja wote. Bi Mdogo kila mwaka aliketi pale pale karibu na mlango wa wikio, juzuu mkononi, na hakuniuliza hata siku moja.

"Bibi, umeiwacha ikalala! Imekatika." Akainyakua, akaiunganisha tena, akanirudishia. "Haya. Nilifute?"

Ningeitikia tu, basi. Angelifuta yeye kwa mkono wake, na karatasi ile ingesomwa hivyo hata mimi nikishaondoka.

"Liwate," nikasema. "Usilifute. Ni wawili."

"Wawili?"

"Mmoja ni baba yake babu yako. Wa pili ni mtoto wa Bi Mdogo."

"Mbona mimi sijapata kumsikia?"

"Kwa sababu sikumsema."

Akaniomba nipapase simu, majina hayajaisha.

Siku ya hitima alisoma yeye, kwa sauti nzuri, sina la kusema. Alipofika kwenye jina lile akaongeza ubini: fulani bin baba yake, kisha fulani bin mume wetu. Bi Mdogo akaweka juzuu chini, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Watu walipoinuka alikuja moja kwa moja upande wetu. Akanipita nilipoketi, akamshika mjukuu wangu mikono yote miwili, akamwombea umri mrefu na mume mwema, akambusu kichwa.

Nilitaka kumwambia: ni mimi niliyesema liwatwe. Neno lilifika mpaka mdomoni. Lakini ningelitoa hilo, ingenibidi nitoe na lililokuwa nyuma yake, mbele ya wanawake wote wale. Nikakohoa, nikaomba maji. Aliyeniletea ni Bi Mdogo.